Toba ya Pili: Kisa cha Walioanguka wa Carthage

Swali la kama Mkristo aliyekwisha kubatizwa aweza kuendelea kutenda dhambi na bado akasamehewa huulizwa na kila kizazi kana kwamba halijapata kuulizwa, na aghalabu mwenye kuulizwa hufungua Agano Jipya akatafuta jibu humo. Majibu huyaona, lakini si jibu moja. Waraka kwa Waebrania, katika mlango wa 6, wakana kwamba mtu aliyepata nuru kisha akaanguka aweza kurejezwa tena katika toba. Waraka wa kwanza wa Yohana wafundisha katika mlango wa 3 kwamba mwana wa Mungu hatendi dhambi, ilhali mwanzoni mwake umekwisha kumhesabu kuwa mwongo kila ajionaye hana dhambi, na kumtaja Mwombezi wa wenye kukosa. Naye Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, alilikabili wazo la kwamba dhambi izidishwe ili neema nayo izidi, akalikataa kwa ukali.

Maandiko hayo hayakubadilika tangu yalipoandikwa. Matendo ya Kanisa ndiyo yaliyobadilika, na yalibadilika kwa kiasi ambacho Mkristo wa leo hakidhanii. Kwa muda wa karne nyingi, katika Kanisa la Magharibi hasa, jibu la desturi lilikuwa kwamba mbatizwa aliyeanguka katika dhambi kubwa hupokewa tena, lakini mara moja tu katika maisha yake. Akianguka mara ya pili, aachiwe Mungu. Jinsi "mara moja" ilivyogeuka kuwa "kila atubupo" si habari ya wanazuoni walioshindana kwa hoja peke yao. Ni habari ya miji iliyojaa watu walioanguka, na ya kanuni kali iliyozaa kinyume cha yale iliyokusudiwa kuzaa.

Mwenye kuipa kanuni hiyo sura yake ya kwanza iliyo wazi alikuwa mtu wa Roma aliyeitwa Hermas, aliyepata kuwa mtumwa, akaandika katika karne ya 2 kitabu kiitwacho Mchungaji. Kitabu hicho kiliheshimiwa hata kikaunganishwa na vitabu vya Agano Jipya katika mojawapo ya nakala kongwe za Biblia. Hermas asimulia kwamba aliwasikia walimu wakisema hakuna toba nyingine ila ile ya majini, wakati wa ubatizo. Malaika anayemfundisha hawakanushi walimu hao. Amwambia tu kwamba Mungu, kwa kuujua udhaifu wa binadamu, ameweka toba moja zaidi. Ama mwenye kuanguka na kutubu na kuanguka tena, toba hiyo haimfai. Msomaji wa leo huona hapo mlango unafungwa. Wasomaji wa kwanza wa Hermas waliona mlango unafunguliwa, kwa maana kabla yake walikuwa wakiambiwa kuwa haupo.

Karibu na mwaka 203 Tertullian, mwanasheria wa maneno kuliko wa mahakama, aliandika katika mji wa Carthage, Afrika ya Kaskazini, kitabu juu ya toba. Aliifananisha toba ya pili na ubao anaoushika mtu aliyevunjikiwa na chombo baharini. Hakupenda kuitaja, asije akaonekana kuwapa watu ruhusa ya kukosa. Lakini alipokwisha kuitaja aliieleza kwa ukamilifu. Mwenye kutubu huvaa gunia, hukaa katika majivu, hula chakula cha kuzuia njaa tu, hulia usiku na mchana, huanguka miguuni pa makasisi na kuwasihi ndugu wote wamwombee. Yote hayo hufanywa mbele ya watu. Msomaji aliyepata kumwona mtu aliyetengwa na ushirika akirudishwa kundini mbele ya usharika wake ana picha ya jambo hili, ila ni picha ndogo sana, kwa kuwa katika Kanisa la zamani kungoja huko kuliweza kuchukua miaka mingi.

Baadaye Tertullian alijiunga na wafuasi wa Montanus, waliokuwa wakali zaidi, akaandika kitabu kingine cha kumdhihaki askofu mmoja aliyetangaza kuwa atawasamehe wazinzi waliotubu. Swali lake lilikuwa la mwanasheria kweli kweli: ikiwa uzinzi wasameheka, kwa nini kuua na kuabudu sanamu visisameheke? Alilitupa kama tusi. Hakujua kwamba muda wa miaka 40 haungepita kabla mji wake mwenyewe haujalazimika kulijibu.

Mwishoni mwa mwaka 249 au mwanzoni mwa mwaka uliofuata Kaisari Decius aliamuru kwamba wakazi wa dola yote ya Kirumi waitolee sadaka miungu. Kila mji uliwekewa watu wa kusimamia, na kila aliyetii alipewa hati. Hati zaidi ya 40 za namna hiyo zimepatikana katika mchanga wa Misri, zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi za mafunjo mwaka 250. Ni maandishi makavu ya ofisini: jina la mtu, kijiji chake, pengine umri na kovu lake, kisha maneno ya kwamba daima ameitolea miungu, na kwamba sasa mbele ya wasimamizi amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka, kisha sahihi. Haielekei kwamba Decius alikuwa na haja ya kuua watu wengi, alitaka watii. Kwa ajili hiyo amri yake ilikuwa hatari kuliko mauaji. Kwa Mkristo aliyetishwa kwa upanga heshima ilikuwa wazi. Kwa Mkristo aliyeombwa chembe ya ubani na sahihi, mambo hayakuwa wazi hivyo.

Cyprian, aliyekuwa askofu wa Carthage kwa muda usiofika miaka miwili amri ilipotoka, ameacha maelezo ya siku hizo katika kitabu chake juu ya Walioanguka. Asema watu hawakungoja hata kukamatwa. Walikimbilia sokoni wenyewe, wengine wakiwa na wanyama wao wa sadaka, wazazi wakiwa wamebeba watoto wachanga mikononi. Na mahakimu walipotaka kuahirisha kazi kwa sababu jua limekuchwa, wakasihiwa wasiahirishe. Cyprian alikuwa mwalimu wa ufasaha kabla hajabatizwa, na maneno yake yapasa kupunguzwa kidogo. Lakini hata yakipunguzwa, yabaki ya kutosha: sehemu kubwa ya Kanisa la Carthage ilianguka katika muda wa majuma machache. Waliotoa sadaka waliitwa kwa jina lao, waliofukiza ubani kwa jina lao, na wenye mali walionunua hati bila kufanya lolote wakawa na jina la tatu. Hao wa tatu walijitetea kwamba hawakugusa sadaka kwa mkono wala kwa kinywa. Hata hivyo, majina yao yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

Cyprian mwenyewe hakuwako sokoni. Alikuwa amejificha, na kutoka mafichoni akaliongoza Kanisa kwa barua. Wako waliomwona mwoga, na aibu hiyo ilimfuata katika kila neno alilosema juu ya walioanguka. Kwa maana ni vigumu mtu aliyekimbia kumwambia aliyeanguka avumilie toba ndefu. Waliosimama imara walikuwa wengine, wale waliofungwa gerezani na kuteswa bila kufa, ambao Kanisa liliwaita Waungama. Kwa desturi ya zamani maombezi ya watu hao yalikuwa na uzito mkubwa, na walioanguka wakayamiminikia magereza. Waungama wakaanza kutoa hati za amani. Ajabu ya mambo ni kwamba mwaka huo huo Mkristo wa Carthage aliweza kuwa na hati mbili, moja ya Kaisari ya kuthibitisha kuwa amemkana Kristo, na moja ya Muungama ya kuthibitisha kuwa amesamehewa.

Hati hizo ziliongezeka hata Cyprian akalalamika kwamba zatolewa maelfu kila siku. Nyingine ziliagiza fulani apokewe pamoja na watu wake, bila kutaja ni watu gani. Askofu akauliza itakuwaje wakijitokeza 20 au 30 na zaidi, kila mmoja akidai kuwa ni ndugu au mkwe au mtumwa aliyeachwa huru. Hatimaye Muungama mmoja, Lucianus, alimwandikia kwa niaba ya wenzake kwamba wamewapa amani wote walioanguka, na kwamba awajulishe maaskofu wengine. Barua hiyo ni fupi, na sauti yake ni ya mtu mwenye kutoa amri.

Katika magomvi haya wengi wamemwona Cyprian kuwa mtu mkali aliyewapinga wenye huruma. Hukumu hiyo ni ya haraka. Cyprian hakukana kwamba walioanguka waweza kusamehewa, wala hakukana thamani ya maombezi ya mashahidi mbele ya Hakimu wa siku ya mwisho. Alichokataa ni msamaha usiomjua anayesamehewa: usiouliza alianguka vipi, alilazimishwa au alikimbilia, aliwavuta wengine au aliwakinga. Mtu mmoja alitoa sadaka baada ya mateso marefu, mwili ulipomshinda. Mwingine alitoa kwa niaba ya mkewe na watoto na watumishi ili wao wasiguswe. Mwingine alikwenda asubuhi na mapema akicheka. Hati ya jumla iliwafanya wote watatu kuwa mtu mmoja. Askofu alitaka kila shauri lisikilizwe peke yake, mbele ya Kanisa, baada ya dhoruba kupita.

Dhoruba ilipopungua, mwaka 251, hatari ikatokea upande wa pili. Huko Roma, ambako askofu Fabian alikuwa ameuawa mwezi wa Januari 250, kiti kilikaa kitupu zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo makasisi walimtumia mwenzao Novatian kuandika barua zao kwa Cyprian, na barua hizo zaonyesha akili nzuri na kiasi. Lakini alipochaguliwa Cornelius, Novatian alijifanyia uaskofu wa kushindana naye, akafundisha kwamba walioikana imani hawatapokewa kamwe, hata wakitubu mpaka kufa. Mungu aweza kuwasamehe. Kanisa halina ruhusa hiyo. Cornelius alimwandikia askofu wa Antiokia barua ya kumchafua mpinzani wake, akisema kwamba alipowagawia watu Ekaristi aliwashika mikono yao miwili na hawaachi mpaka waape kutomrudia Cornelius. Adui ndiye asemaye, na ushahidi wake si wa kuchukuliwa mzima. Neno moja katika barua hiyo, hata hivyo, lafaa kukumbukwa: Kanisa la Roma wakati huo lililisha wajane na maskini zaidi ya 1,500. Novatian alidai Kanisa la watu safi. Lililokuwako lilikuwa jamii kubwa ya mji mkubwa, na kwa sababu ya ukubwa wake haikuweza kuwa jamii ya mashujaa peke yao.

Maaskofu wa Afrika walikutana Carthage mwaka huo wa 251, wakashika njia ya katikati. Walionunua hati wapokewe baada ya kila shauri kuchunguzwa. Waliotoa sadaka waendelee na toba, wapewe amani watakapokuwa katika hatari ya kufa. Askofu mmoja, Antonianus, alipoingiwa na shaka, Cyprian alimjibu kwa barua ndefu ambayo huenda ndiyo maandishi bora ya shauri hili lote. Humo akumbusha kwamba baadhi ya maaskofu waliowatangulia katika Afrika walikataa kabisa kuwapokea wazinzi, na bado hawakuvunja umoja na wenzao waliowapokea. Kisha aigeukia hoja ya Novatian na kuonyesha ubovu wake kwa mfano wa shamba. Ni sawa na kumwagiza mkulima alime, apalilie, atumie ujuzi wake wote, huku akiambiwa kwamba hatavuna kitu. Hapana atakayelima. Vivyo hivyo, mtu akiambiwa atubu maisha yake yote bila tumaini la kurudi, hatatubu. Ataondoka aende zake duniani, au kwa wazushi.

Uamuzi wa mwaka 251 haukukaa. Katika mwaka 252 au 253 ilionekana kwamba mateso mapya yaja, na maaskofu 42 wakaandika pamoja kwamba wote waliokuwa wakitubu bila kuliacha Kanisa wapewe amani mara moja, pasipo kungoja kitanda cha mauti. Hoja yao ilikuwa kwamba haifai kuwaita watu wamwage damu kwa ajili ya Kristo huku wakinyimwa kikombe chake. Wanahistoria wengine huona hapo askofu amesalimu amri mbele ya wingi. Wingi ulikuwako, ni kweli, lakini jambo moja huwaponyoka: waliopewa amani si wale waliodai haki kwa hati, ni wale waliokaa mlangoni takriban miaka miwili wakilia. Cyprian aliuawa kwa upanga tarehe 14 Septemba 258, na maneno ya kwamba alikuwa mwoga yakaisha siku hiyo.

Ndivyo mji wa Tertullian ulivyolijibu swali lake: hata kuabudu sanamu kwasameheka. Wafuasi wa Novatian walidumu hata hivyo kwa karne kadhaa. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliweka masharti ya kuwapokea makasisi wao, na uliwapangia walioanguka bila kulazimishwa katika siku za Licinius toba ya miaka 12: mitatu pamoja na wasikilizaji, 7 pamoja na wanaosujudu, miwili ya kusali na watu bila kushiriki sadaka. Socrates, mwanahistoria wa karne ya 5, asimulia kwamba Kaisari Constantine alimsikiliza Acesius, askofu wa hao watu safi, akieleza imani yake, kisha akamshauri atafute ngazi apande mbinguni peke yake.

Lakini miaka 12 bado ilikuwa mara moja tu. Carthage ilikuwa imeamua dhambi zipi zasameheka. Haikuamua mara ngapi. Na hapa historia yaonyesha jambo ambalo wakali hawakulitazamia. Kanuni ya toba moja haikuwafanya watu wasitende dhambi. Iliwafanya waiweke akiba. Wengine waliahirisha ubatizo wenyewe, wapate kuoshwa karibu na mwisho: Constantine huyo huyo alibatizwa mwaka 337 alipokuwa akienda kufa. Augustine aeleza jinsi alivyougua utotoni, akakaribia kubatizwa, akapona, na ubatizo ukaahirishwa kwa kuwa uchafu wa baada ya kuoshwa ulihesabiwa kuwa mbaya zaidi. Asema kwamba katika siku zake ilikuwa kawaida kusikia kijana akiachwa afanye apendavyo kwa sababu hajabatizwa bado. Yeye alingoja mpaka Pasaka ya mwaka 387, umri wake ukiwa miaka 32.

Waliobatizwa mapema waliahirisha toba. Nao walikuwa na sababu, kwani aliyekwisha kutubu alibaki na alama maishani mwote: asiwe askari, asioe, na kama ana mke asimkaribie. Askofu Siricius wa Roma aliandika mwaka 385 juu ya waliotubu kisha wakarudia makosa yao, kwamba wasali na waumini lakini wasikaribie meza, ila wapewe masurufu ya safari wanapokufa. Mwaka 506 maaskofu wa Gallia waliokutana Agde walionya kwamba vijana wasipewe toba kwa urahisi, kwa sababu ya udhaifu wa umri wao. Ni maneno ya kushangaza. Dawa imekuwa kali hata waganga wanakataza wagonjwa wasiinywe, na toba, ambayo Hermas aliitoa kwa huruma, imekuwa ibada ya wazee na mahututi.

Upande wa Mashariki walikuwako waliosema vingine. Yohane Chrysostom, askofu wa Constantinople, alipohukumiwa na maadui zake mwaka 403, mojawapo ya mashtaka ilikuwa kwamba awapa watu ruhusa ya kutenda dhambi kwa kufundisha kuwa aliyekosa tena atubu tena, na kila akosapo aje aponywe. Leo mafundisho hayo husikika katika makanisa mengi bila mtu kushtuka. Katika mwaka 403 yaliandikwa pamoja na makosa ya kumvulia mtu uaskofu.

Mabadiliko katika Magharibi hayakuanzia Roma wala Carthage. Yalitoka Ireland, kwenye nyumba za watawa, ambako desturi ilikuwa mtawa kumfunulia mzee wake makosa yake, makubwa na madogo, kwa siri na mara kwa mara. Kila kosa lilikuwa na kipimo chake katika vitabu: siku kadhaa za mkate na maji, miezi kadhaa, miaka. Kipimo kikiisha, mtu amerudi, hana alama. Karibu na mwaka 590 Columbanus alivuka bahari na desturi hiyo akaileta Gallia. Wakati huo huo, mwaka 589, Mtaguso wa tatu wa Toledo, katika Hispania, ulikuwa ukilaani kwa ukali watu walioomba kupatanishwa na kasisi kila mara walipotaka kukosa. Katikati ya karne ya 7 maaskofu waliokutana Chalon walisema kwamba toba ni dawa ya roho yenye faida kwa watu wote, na mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano ulimlazimisha kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka. Kile ambacho Toledo ilikiita chukizo kimekuwa sheria.

Hofu ya Toledo haikuwa ya kipumbavu. Kipimo kiandikwacho kitabuni chaweza kuhesabiwa mapema, na mwenye hesabu aweza kuona kwamba dhambi fulani ina bei asiyoshindwa kuilipa. Karne zilizofuata zililijua tatizo hilo vizuri, na ugomvi wa karne ya 16 juu ya rehema zilizouzwa ulizaliwa humo. Lakini mbadala wake ulikuwa umekwisha kujaribiwa kwa miaka 400, na matokeo yake ni makanisa yenye wabatizwa wasiotubu na wasiobatizwa wasiotaka kubatizwa.

Kiti cha Carthage kilirudishwa mwaka 1884 na kupewa Charles Lavigerie, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa shirika la White Fathers. Msafara wao wa kwanza ulipita Bagamoyo mwaka 1878 kuelekea Tabora, Ujiji na Buganda. Lavigerie alikuwa amesoma sana habari za Kanisa la kale, akawaamuru mapadre wake wawafundishe watu miaka minne kabla ya kuwabatiza, kwa kuchelea wabatizwa wa haraka ambao wangeanguka upesi. Muda wa kungoja, ambao zamani za Cyprian ulikuwa mrefu baada ya dhambi, sasa ulikuwa mrefu kabla ya ubatizo. Kisha yakaja mateso ya Kabaka Mwanga. Tarehe 15 Novemba 1885 Joseph Mukasa Balikuddembe aliuawa, na siku hiyo hiyo mapadre wakambatiza Charles Lwanga na wanafunzi wengine bila kuhesabu miaka iliyosalia. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, palipokuwa hakuna padre, Lwanga mwenyewe alimbatiza kijana Kizito na wenziwe kadhaa. Asubuhi waliitwa mbele ya Mwanga.